Tezi ya Chini ya Sikio

Kwetu Mara, chuma cha kuchomea ng'ombe kilikaa darini, juu ya moto wa jikoni, kimeviringishwa kwenye kipande cha gunia. Baba alikishusha kwa ugonjwa mmoja tu. Ndama akibaki nyuma ya wenzake, masikio yamelegea, machozi yanamtoka, baba alimfuata taratibu bila kumshtua, akapitisha mkono chini ya sikio, akaushusha shingoni mpaka mbele ya bega. Mkono ukikuta tezi imevimba alisema neno moja, "Ndigana," nami nikajua kazi yangu ni kupuliza makaa.

Tezi ilichomwa upande wa kulia, ikachomwa na upande wa kushoto. Harufu ya manyoya yaliyoungua ilikaa zizini mpaka kesho yake. Wengi walikufa hata hivyo, povu jeupe likiwatoka puani. Wachache waliopona walikua na makovu chini ya masikio, na makovu hayo ndiyo yaliyokuwa ushahidi wa baba kwamba moto unafanya kazi. Kwake yeye tezi ilikuwa ndiyo ugonjwa wenyewe. Ukiiua tezi, umeiua ndigana. Sikuwa na sababu ya kumpinga. Nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu: tezi huvimba kwanza, kifo hufuata.

Mwaka 1974, nikiwa na miaka 20 na cheti cha kidato cha nne, nilipanda basi la kupitia Sirari na Kisii mpaka Nairobi, na kutoka hapo nikapelekwa Muguga kuanza kazi ya msaidizi wa maabara.

Muguga iko magharibi ya Nairobi, kwenye nyanda za juu za Wakikuyu, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Inakaribia kabisa ukingo wa Bonde la Ufa. Mimi mtoto wa jua la Ziwa Victoria sikuwahi kuiwazia baridi ile. Mwezi wa saba ukungu ulishuka usiku na haukuondoka mpaka saa nne asubuhi. Tuliwaendea wanyama tukiwa tumevaa makoti mawili mawili, na pumzi za ndama zilionekana kabla ya ndama wenyewe. Kwa mbali ulisikia treni ikihema kuupanda mlima kuelekea Naivasha.

Tulikuwa watumishi wa Shirika la Utafiti wa Mifugo la Afrika Mashariki, moja ya taasisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, mali ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Jirani zetu walikuwa watu wa utafiti wa kilimo na misitu, nao wa Jumuiya vilevile. Saa nne kengele ya chai ikilia, foleni moja ilikuwa na Kiswahili cha Tanga, cha Kiambu, cha Kisumu na cha Kampala, na hakuna aliyecheka cha mwenzake. Nilidhani hali ile itadumu. Nilikuwa kijana, na kila kitu nilichokikuta kimesimama nilidhani kimesimama siku zote.

Aliyenifundisha kazi hakuwa daktari. Alikuwa mhudumu wa mabanda, Mkikuyu mtu mzima aliyeanza kazi enzi za mkoloni. Sote, madaktari wakiwemo, tulimwita Mzee. Wiki mbili za kwanza hakuniruhusu kugusa mnyama mgonjwa hata mmoja. Kila asubuhi alinipitisha kwenye banda la ndama wazima akanitaka nizishike tezi zao, zote, pande zote mbili.

"Kijana, usipoijua tezi ya mzima, ya mgonjwa utaijuaje?"

"Sawa, Mzee."

"Usiseme sawa. Shika."

Tezi ya chini ya sikio la ndama mzima ni kitu cha kutafuta. Vidole vinapita juu ya taya, vinaingia kwenye kijibonde nyuma yake, na hapo chini ya ngozi kuna kitu laini, bapa, kinachoteleza na kukimbia ukikibonyeza. Ya mbele ya bega ni ndefu kidogo. Unaipata kwa kuizungushia vidole kutoka nyuma ya msuli, kama unayetoa kitu mfukoni mwa mtu aliyelala. Ipo pia nyingine mbele ya paja, kwenye ubavu. Nilizishika mpaka nikaanza kuziota usiku. Baada ya siku kumi na nne Mzee alinifunga macho kwa kitambaa na kunipeleka kwa ndama watano, mmoja wao akiwa ameambukizwa wiki moja kabla. Nilimtambua. Mzee hakunisifu, alinipa daftari la joto na kalamu, na tangu siku ile mabanda matatu yalikuwa juu yangu.

Kazi yenyewe ilianzia kwa kupe. Kupe wa ndigana ni yule wa kahawia anayependa masikio, na hapati vimelea kwa mama yake. Anavinyonya kwa ng'ombe mgonjwa akiwa bado mchanga, anaanguka, anajivua gamba, kisha anavipeleka kwa ng'ombe wa pili akiwa amekua. Lakini akimpanda ng'ombe, mate yake hayana madhara siku hiyo hiyo. Vimelea huiva ndani ya tezi zake za mate baada ya yeye kuanza kunyonya, na huchukua siku tatu au nne. Jambo hili lilinishangaza, na bado naliona la ajabu: damu ya joto ndiyo inayoamsha mauti iliyolala mdomoni mwa kupe.

Kwa sababu hiyo tulikuwa na sungura. Walinyolewa masikio, wakagundishiwa mifuko ya kitambaa, na ndani ya mifuko tukawatia kupe wanyonye siku nne. Sungura hawashikwi na ndigana. Walikuwa kama jiko la kuivishia. Kisha kupe walibanduliwa mmoja mmoja kwa koleo ndogo, wakaoshwa, wakasagwa kwenye kinu, uji wao ukachujwa, ukachanganywa na glisaroli na kugandishwa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Ukiuyeyusha mwaka mwingine na kumdunga ndama nyuma ya taya, anaumwa vilevile. Kwa mara ya kwanza wataalamu waliweza kuwapa ndama kumi kiasi kile kile cha ugonjwa, siku ile ile, mahali pale pale. Bila hilo huwezi kulinganisha kitu na kitu.

Kisha ulingojea. Siku ya kwanza mpaka ya nne hakuna kitu. Ndama anakula, anacheza, anakulamba mkono. Ya tano, mara nyingine ya sita au ya saba, kijibonde cha nyuma ya taya kinajaa. Tezi haikimbii tena ukiibonyeza. Inakuwa ngumu, ya moto, na ndama anavuta kichwa pembeni. Nilikuwa naandika ukubwa wake kwa alama za kujumlisha, moja mpaka tatu, lakini kichwani mwangu nilipima kwa vitu vya nyumbani: harage, kisha yai la njiwa, kisha la kuku. Siku moja au mbili baadaye kipimajoto kinapita 39.5, kinafika 41. Halafu tezi ya bega inafuata, ya paja inafuata, mpaka hakuna tezi ya mwili isiyojaa.

Tezi ilipofika yai la njiwa tuliitoboa. Mzee alishika kichwa, mimi nikaibana tezi kati ya kidole gumba na cha shahada, daktari akachoma sindano na kuizungusha kidogo ndani. Kinachotoka ni tone moja la majimaji ya kijivu yenye wekundu. Unalipaka kwenye kioo, unalipungia hewani likauke, unaligandisha kwa methanoli, unalilaza ndani ya rangi ya Giemsa nusu saa. Kidole changu cha shahada kilikuwa cha zambarau miaka yote niliyokaa pale.

Siku niliyoambiwa, "Njoo utazame," niliinamia hadubini na mwanzoni nikaona bahari ya madoa tu. Daktari akageuza skrubu kidogo. Nikaona seli kubwa ya duara, kiini chake chekundu cha zambarau, na pembeni ya kiini, kwenye nyama ya bluu, kundi la nukta ndogo nyekundu zilizokusanyika kama mbegu za pera lililokatwa katikati. Wataalamu waliliita kundi hilo kidude cha bluu cha Koch, kwa jina la Robert Koch, Mjerumani yule wa kifua kikuu, aliyewahi kuwachunguza ng'ombe wa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898 na kudhani anatazama ugonjwa mwingine. Ndigana ilipofika Rhodesia mwanzoni mwa karne ya 20, pamoja na ng'ombe walionunuliwa huku kwetu, ndipo ilipoitwa homa ya Pwani ya Mashariki. Kimelea nacho kikaitwa *Theileria parva*, kwa jina la Arnold Theiler wa Afrika Kusini. Sisi tulikuwa na jina letu zamani.

Nilimwuliza daktari ile seli yenye mbegu ni nini. Akaniambia ni seli nyeupe ya ndama mwenyewe, mlinzi wake. Tezi ni kituo cha walinzi hao. Kila kinachoingia kwa ngozi ya sikio hupelekwa kwanza kwenye tezi ya chini ya sikio kikaguliwe. Kimelea cha ndigana hakimkimbii mlinzi. Kinaingia ndani yake, kinakaa, na kinamwamrisha ajigawe. Mlinzi anakuwa wawili, wanne, wanane, bila kukoma, kama saratani, na kila anapojigawa kimelea kinajishika kwenye zile nyuzi zinazovuta seli pande mbili, nacho kinagawanyika papo hapo, kila nusu ikaondoka na fungu lake. Hayo yalikwisha kuonekana palepale Muguga miaka ya 1960. Mwaka 1970 watafiti Malmquist, Nyindo na Brown walieleza jinsi walivyozikuza seli za wengu wa ng'ombe zenye vimelea ndani ya chupa, zikaendelea kuzaana nje ya mwili. Nilizibeba chupa za namna hiyo kutoka chumba hiki kwenda kile, na nilizibeba kwa mikono miwili.

Kwa hiyo tezi haikuvimba kwa kuwa ugonjwa umekaa humo kama usaha kwenye jipu. Ilivimba kwa sababu imejaa walinzi waliotekwa, na walinzi hao walikuwa wakitoka kwa maelfu kuelekea tezi nyingine, wengu, ini, mapafu. Siku baba aliposhusha chuma, walikwisha kuondoka zamani. Nilikaa kwenye kile kiti cha mbao nikiwafikiria ndama wote niliowapulizia makaa.

Mwaka 1975, mtafiti Radley na wenzake walitangaza kazi iliyokuwa ikifanyika pale kwa miaka. Walimdunga ndama vimelea hai na, wakati huohuo, wakampa oksitetrasaiklini. Dawa haiviui vimelea. Inavichelewesha, mwili unapata nafasi ya kujifunza. Tezi huvimba kidogo, joto hupanda kidogo, kisha vyote hushuka na ndama anabaki na kinga. Ugumu ulikuwa kwamba ndama aliyekingwa kwa vimelea vya sehemu moja aliweza kuuawa na vya sehemu nyingine. Ndiyo maana walichanganya aina tatu: ya Muguga, ya Kiambu na ya Serengeti, hiyo ya mwisho ikiwa imeanzia kwa nyati. Mchanganyiko huo unaitwa Muguga mpaka leo. Niliposikia kwamba ndani yake kuna Serengeti, jirani ya zizi letu, nilijisikia kama aliyeona jina la ndugu yake gazetini.

Lakini kinga haithibitishwi kwa maneno. Ndama waliochanjwa walidungwa tena kiasi cha kuua, na kando yao waliwekwa ndama wa kulinganishia, wasiochanjwa, wakadungwa kiasi hicho hicho. Kama wa kulinganishia hawakuumwa, jaribio lote halina maana. Kuugua kwao kulikuwa ndiyo kazi yao.

Mmoja wao alikuwa mtamba mwekundu, chata namba 31. Tangu siku ya kwanza alikuwa na tabia ya kuniwekea kidevu begani nilipoinama kusoma kipimajoto cha mwenzake. Siku ya sita tezi yake ilijaa. Ya nane joto lilikuwa 40.8. Ya kumi na mbili tezi zote zilionekana kwa macho ukiwa mlangoni, na hesabu ya seli nyeupe kwenye damu ilianza kuporomoka: walinzi waliozaliana bila kiasi sasa walikuwa wanakufa, na wapya hawatengenezwi. Ya kumi na tano nilipomshika nikafikiri anapata nafuu, kwa maana tezi ya chini ya sikio ilikuwa imepungua. Nilikimbia kumwambia Mzee. Alikuja, akaishika kwa muda mrefu, akautoa mkono.

"Hii haikupona, kijana. Imekwisha."

Ni kweli. Ndigana ikifika mwisho, tezi husinyaa kwa sababu haina cha kubaki nacho. Usiku ule pumzi yake ilisikika kutoka bandani mpaka njiani. Alfajiri alikuwa amelala ubavu, povu puani, shingo imenyooka. Upande wa pili wa ukuta wenzake waliochanjwa walikuwa wanagombania majani.

Tulimpasua asubuhi hiyo hiyo. Mapafu yalikuwa mazito kama sifongo iliyoloweshwa, koo limejaa povu, figo zina madoa meupe. Tezi ya bega ilipokatwa ilikuwa imelowa, na ndani yake mna mishipa ya damu iliyovuja. Nilipaka vioo, nikaviandika namba, nikavipeleka maabara. Sikulia mbele ya watu. Jioni Mzee alinikuta nyuma ya stoo ya majani, akakaa chini karibu yangu bila kusema kitu mpaka giza lilipoingia, kisha akaniambia niende nikale.

Januari 1977 nilikwenda nyumbani kwa likizo. Nilimkuta baba zizini, mkono wake uko chini ya sikio la ndama. Nilimwambia yote: kupe, mate, walinzi, mbegu zile ndani ya seli. Nilimwambia tezi si ugonjwa, baba, tezi ni mahali ugonjwa unapopita, na moto wako unachoma nyumba ambayo mwizi ameshatoka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Baba alikuwa msikilizaji mzuri.

"Nimekuelewa, mwanangu. Sasa dawa iko wapi?"

Haikuwepo. Chanjo ilikuwa bado ya maabara, na dawa ya kumtibu mnyama ambaye tezi zake zimekwisha kujaa haikuwa imefika dukani. Baba alingoja jibu kwa muda wa kutosha. Kisha akainuka, akaenda jikoni, akarudi na chuma. Nilipiga magoti nikapuliza makaa.

Februari mwaka ule mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na kabla mwaka haujaisha Jumuiya ilikuwa imevunjika. Sikurudi Muguga. Daftari langu la joto lilibaki kwenye droo ya meza ya tatu kutoka dirishani, na Mzee sikumwona tena. Nilichukuliwa wizarani kwetu, nikawa bwana mifugo, nikazunguka vijiji kwa baiskeli na baadaye kwa pikipiki, nikisimamia majosho ambayo mengine yalikuwa na dawa na mengine yalikuwa na maji ya mvua.

Dawa ya kutibu ilikuja miaka ya 1980. Chanjo ilichelewa zaidi, kwa kuwa inataka naitrojeni kila inapokwenda, inataka mtu anayejua kuiyeyusha, na kila dozi inatoka kwa kupe waliopata vimelea kwa ng'ombe aliyeambukizwa kwa makusudi, kisha wakanyonya kwa sungura. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilianza kufika kwa wafugaji wa Kimasai kaskazini mwa Tanzania, nami nilikuwa huko. Siku ya kwanza nilishika mrija wa chanjo mkononi, mwembamba kuliko bua la ngano, ukitoa moshi wa baridi, na nikakumbuka baridi ya mabanda. Ndama walipita mmoja mmoja: sindano ya chanjo chini ya sikio, sindano ya oksitetrasaiklini msulini, hereni sikioni. Baada ya siku kumi na mbili nilirudi kuwashika tezi wote. Zilikuwa zimejaa kidogo, yai la njiwa, si zaidi. Wiki iliyofuata zilikuwa zinakimbia chini ya vidole.

Baba hakuwahi kuiona siku hiyo. Chuma chake ninacho, na hakijaingia motoni tangu afariki.

Wewe unayefuga, peleka mkono chini ya sikio la ndama wako leo, akiwa mzima, uijue tezi yake. Ukiikuta imejaa na joto limepita 39.5, usimchome na usingoje kesho. Mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa ipo, na hufanya kazi ikitolewa mapema tu. Na kabla hajaumwa, uliza chanjo ya ndigana wilayani kwako inatolewa lini.